Siku Gari la Simba Lilipopita Kimya

Mke wangu alikuwa akipiga watu. Naanza na hilo kwa sababu Greifenrode nzima inalijua.

Jina lake Kunigunde. Hapa wote walimwita Gundel. Alifariki Novemba iliyopita. Miaka yake ya mwisho ya kazi alilinda magari ya theluji, ya kukokotwa na farasi, ya mtawala wa zamani, yale yanayokaa katika zizi kuu la kasri nyuma ya kamba nyekundu. Yamechongwa na kupakwa dhahabu. Moja ni bata maji, jingine joka, jingine mwanamke mwenye upanga. Watalii huyapita yote haraka haraka na kuishia kwenye gari la simba. Simba huyo amemng'ata nguruwe mwitu shingoni, na rangi ya damu bado inang'aa. Kila mtu anataka kutia kidole katika kinywa kile. Gundel alikaa kando yake na fimbo nyembamba.

"Aa! Mama, umenivunja kidole!" alilia bwana mmoja wa Köln.

"Bado. Kilete hapa nimalizie."

"Nimelipa tiketi mimi!"

"Umelipia macho. Vidole ungeviacha hotelini."

Watu walicheka, hata mke wa yule bwana. Wengine walirudi mwaka uliofuata, wakanyoosha vidole makusudi huku wenzao wameshika kamera. Naye aliwachapa kwelikweli. Kuchapa kwa mzaha hakukujua.

Fimbo aliishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haukufumba. Katikati ya kiganja ulikuwa na kovu la mviringo, ukubwa wa punje ya hindi. Akiulizwa alisema: "Panya."

Hakukuwa na panya.

Alizaliwa katika nyumba ya ngumi. Baba yake, Veit Zapf, alikuwa mwendesha farasi wa kasri, na walikaa vyumba vya juu ya lango la zizi. Veit alipiga kwa mkanda. Mama yake, Babette, alipiga kwa mwiko. Gundel alijibu tangu alipoweza kusimama. Mimi nilikuwa mshona hatamu, karakana yangu iko mtaa wa chini, na sikumbuki kupanda zile ngazi bila kusikia kitu kikivunjika.

"Karibu, Lorenz," Babette aliniambia siku moja, nywele zimemtimka, kamshika Veit ukosi. "Subiri kidogo nimmalize huyu, kisha nikupe kahawa."

Kahawa nilipewa. Veit alikunywa nami, sikio limemvimba.

Kiumbe kimoja tu hakikupigwa katika nyumba ile. Hummel, farasi jike mweusi, mali ya Veit mwenyewe. Hummel alipoumwa tumbo, Gundel alilala naye kwenye majani makavu mpaka akapona. Veit alisema, "Mtu ukimpiga anajua kwa nini. Farasi hajui."

Kila Jumatatu ya karnivali, kabla Kwaresima haijaingia, chama cha mji hulitoa gari la simba zizini. Mwendeshaji hukaa nyuma, juu ya kiti chembamba, kama mtu aliyepanda punda. Mwanamke hukaa mbele, mgongoni mwa simba, na mkuki. Njia nzima, kutoka kasri mpaka sokoni, pamesimamishwa nguzo zenye vichwa vya mti. Farasi anakwenda mbio, mwanamke anavidungua vichwa. Ni mchezo wa watawala wale, na mji umeurithi. Hakuna aliyedungua kama Gundel. Mabasi yalikuja kutoka Nürnberg na Fürth. Watu walikula maandazi ya jamu, wakanywa mvinyo wa moto, wakashangilia kila kichwa kilichoanguka.

Gari la theluji halina magurudumu. Linapita kama paka. Kwato nazo juu ya theluji laini hazisikiki. Ndiyo maana farasi huvishwa njuga mgongo mzima. Wageni hudhani ni mapambo. Sisi tukisikia njuga tunajibana ukutani.

Na zamani, mtu wa nyumba ya mtawala akifa, njuga zilizibwa kwa sufu nyeusi. Hivyo ndivyo mji ulivyojua kuna msiba huko juu.

Mwaka wa hamsini na nane Babette alikufa kwa kifua, wiki ileile ya karnivali. Alizikwa Jumamosi. Jumapili mwenyekiti wa chama, Eberhard Stöcklein, mwenye duka la dawa, alipanda ngazi za lango.

"Veit, pole sana. Tumesikitika wote. Lakini mabasi yameshaagizwa."

Stöcklein alivua kofia.

"Na Hummel hamkubali mwanamke mwingine yeyote. Unajua mwenyewe."

"Tutakwenda," Veit alisema.

Gundel alikuwa akimenya viazi. "Na njuga je?"

"Njuga zimefanyaje?" Stöcklein aliuliza.

"Wakubwa wakifa zinazibwa. Mama yangu alikuwa nini, panzi?"

"Gundel, mwanangu, ile ilikuwa desturi ya kasri."

"Na yeye alikuwa akifua shuka za nani? Za stesheni?"

Veit akamzaba kofi. Gundel akamrushia kiazi. Veit aliinama, kiazi kikampata Stöcklein kwenye paji la uso. Mazungumzo yakaishia hapo.

Asubuhi ya Jumatatu, kabla baba yake hajashuka, Gundel aliichukua soksi nyeusi ya marehemu, akaifumua, akasokota vipande, akavisukuma ndani ya kila njuga kwa msumari. Haya alinisimulia mwenyewe. Veit akaja, akapanda kiti chake, akatikisa hatamu. Hummel akapiga hatua. Kimya. Veit akazitazama njuga. Akamtazama binti yake, ambaye alikuwa ameshakaa mbele, mkuki mapajani.

"Gundel."

"Endesha, Baba."

Akaendesha.

Baba na binti walikumbuka sufu. Hawakukumbuka kwamba zamani, njuga zilipozibwa, mtu alitangulia mbele ya farasi akikimbia na kupiga kelele, pisheni, pisheni. Tangu enzi za babu yake Veit hapakuwa na aliyeziba njuga. Habari ya sufu ilibaki midomoni mwa watu. Habari ya mtu yule ilipotea.

Mimi nilikuwa kwenye kona ya soko, chini ya nguzo ya mwisho, na nyundo ya mti ya kugongomea vichwa vipya. Kutoka pale unauona Mtaa wa Waokaji wote. Kilabu cha wacheza tufe kutoka Fürth kilikuwa kimesimama katikati ya mtaa, migongo kwa kasri, wakitazama ile nyumba yenye nyuso zilizochongwa chini ya madirisha. Mmoja wao, Horst Krummel, alitaka nyumba nzima iingie katika picha. Akarudi nyuma. Haikutosha. Akarudi tena.

Gari likatokea. Gundel alikuwa ametoka kudungua kichwa, mkuki bado uko juu. Hakuna aliyegeuka. Nilipiga kelele. Bendi ya soko ikaimeza sauti yangu.

Hummel alimkumba Krummel mgongoni, na chuma cha chini ya gari kikampita juu ya paja. Niliusikia mfupa, kama ukuni mkavu. Ukwato ukamchukua sikio. Hummel akashtuka, akasimama kwa miguu ya nyuma, akarusha teke na kumvunja mwingine mbavu. Gari likalala ubavu. Veit akaruka kitini na uso wake ukaenda ukutani.

Damu juu ya theluji huonekana nyingi kuliko ilivyo. Ile ilikuwa nyingi kweli.

Rafiki yake Krummel, jitu la mtu liitwalo Dittmar, aliokota kichwa cha mti na kumpiga nacho Veit mdomoni.

"Mlevi wewe! Unakuja kimyakimya kama mwizi!"

Akampiga tena. Veit alikuwa chini. Wenzake wakaanza mateke. Hapo Gundel akatambaa kutoka chini ya simba na mkuki wake. Ule mkuki ulikuwa na ncha ya chuma. Alimchoma Dittmar kwenye tako, akausokota. Dittmar alilia kama ndama. Mwenzake akampiga Gundel ngumi ya mdomo. Gundel akatema jino, naye akamchoma.

"Wanamuua Veit!" alipiga kelele mwoka mikate mmoja. Waokaji wakatoka na vile vibao vyao virefu vya tanuri, bila kuuliza nini kimeanzia wapi. Kisha kila mtu akampiga aliyekuwa karibu. Watu waliovaa kama mashetani, wanaume waliovaa kama watawa wa kike. Mpiga tarumbeta alivunja tarumbeta yake juu ya mtu. Nami nilipiga. Nyundo nilikuwa nayo. Krummel alilala katikati yetu, akikanyagwa, mpaka gari la hospitali likapita kwa shida na kumchukua.

Stöcklein alipanda ukingo wa chemchemi ya soko.

"Farasi ameshikwa na kichaa!" alipaza sauti. "Jamani, acheni! Hakuna mtu mwenye kosa. Ni farasi!"

Watu wakasimama. Walikuwa wamechoka, na neno lile liliwafaa.

Dittmar alijishika tako, damu inachuruzika mguuni. "Basi auawe. Hapahapa, tuone kwa macho yetu. La sivyo tunaanza upya."

"Auawe!" wakaitikia wageni. Na baadhi yetu.

Stöcklein alimwinamia Veit, aliyekaa kwenye theluji kashika taya. Nilikuwa karibu.

"Sikiliza, Veit. Farasi akifa, yamekwisha. Asipokufa, polisi watauliza ulikunywa nini asubuhi. Kazi huna tena, vyumba huna tena. Mzee mwenzangu, kubali."

Veit alimtazama Hummel. Gundel alikuwa amemshika lijamu, anamnong'oneza. Veit aliitikia kwa kichwa. Ndiyo.

Wakamwita Hagenbuch, mwenye bucha. Kwa ajili ya karnivali alikuwa amevaa kama kuku, manyoya ya njano mpaka magotini, upanga mwekundu wa jogoo kichwani. Alikuja na bastola ya kuchinjia, ile inayosukuma msumari wa chuma ndani ya paji. Hakuna aliyecheka.

"Sogea, Gundel."

"Hana kichaa huyu."

"Baba yako amekubali."

"Baba yangu amepigwa kichwani. Hana kichaa, nasema! Njuga hazikulia. Nilizijaza mimi."

"Nyamaza!" Veit alipiga kelele, meno na damu vikitoka pamoja.

Gundel alichokonoa njuga kwa kucha, akavuta sufu, akamrushia Stöcklein. Ilianguka nyeusi kwenye theluji. Akachokonoa nyingine.

"Haya, hii hapa. Soksi ya mama yangu. Nani ana kichaa hapa?"

Kisha kichwa cha mti kikaruka kutoka nyuma ya watu na kumpasua juu ya jicho.

"Muuaji!"

Sauti ile haikuwa ya mgeni. Ilikuwa ya mtaa wetu. Baada yake yakaja mapande ya barafu, na chupa. Gundel hakuachia lijamu. Damu ilimwingia jichoni, akaipangusa kwa shingo ya farasi.

"Maliza, Hagenbuch," Stöcklein alisema.

"Lakini si umemsikia anavyosema?"

"Nimesikia. Na hawa nitawatuliza kwa kitu gani? Kwa vidonge? Maliza."

Hagenbuch aliweka chuma kwenye paji la Hummel. Gundel akaingiza kiganja katikati.

"Toa mkono, mwanangu."

"Piga."

"Gundel, nakuomba. Nilikula keki ya ubatizo wako."

"Piga basi! Wewe ni mchinjaji au kuku?"

Mtu mmoja alicheka nyuma. Mkono wa Hagenbuch ulikuwa ukishuka. Hilo naliapia. Dittmar akaja akichechemea, akamsukuma kiwiko.

"Fyatua, bwana!"

Sauti ilikuwa ndogo, kama mlango wa kabati. Msumari ulipita kiganjani na kuishia kwenye ngozi ya paji. Mfupa wa farasi haukutoboka. Hummel aliinua kichwa kwa nguvu, mkono wa Gundel ukachomoka, na yule farasi akapita katikati ya watu kama mlango uliofunguliwa na upepo. Alimwangusha Dittmar. Aliburuta miti iliyovunjika ya gari. Alishuka mtaa wangu na kuingia uani kwangu, mahali alipozoea kuja kupimwa hatamu.

Gundel aliutazama mkono wake. Akamtazama Hagenbuch. Akampiga ngumi kwa ule uliobaki. Hagenbuch alikaa kwenye theluji na manyoya yake, akalia kama mtoto. Polisi wakamchukua Gundel.

Nilikwenda nyumbani, nikafunga geti.

Kesho yake Stöcklein alikuja, bandeji kichwani.

"Veit alikubali mbele ya watu, Lorenz. Wageni wale wataandika magazetini. Fungua."

"Farasi ni wa Veit. Aje mwenyewe."

"Usijiingize katika hili."

"Nimeshaingia."

Alitazama nyundo mkononi mwangu, akaondoka.

Krummel aliishi, mguu mmoja mfupi. Gundel alifungwa wiki kadhaa. Veit alifukuzwa kazi na vyumba vikachukuliwa, pamoja na kukubali kwake kote. Alihamia kwa dada yake ng'ambo ya mto na hakuonekana kanisani wala baani. Watu walisema anangoja taya lipone, kisha atakuja kumchukua farasi. Zapf akisema ndiyo, amesema. Nilijua ni kweli. Kila asubuhi niliangalia geti kabla ya kuwasha jiko.

Siku aliyofunguliwa, Gundel hakwenda kwa baba yake. Alikuja kwangu. Hakusalimu.

"Yuko wapi?"

Nilimwonyesha banda. Aliingia. Nikamsikia akizungumza humo ndani, na sikuwahi kumsikia akizungumza hivyo na mtu. Hakuwa amemaliza, geti likasukumwa. Veit. Taya limepona likiwa limekwenda upande. Mkononi kamba mpya, nene, ya kupelekea wanyama machinjioni.

Gundel alitoka, akasimama mlangoni mwa banda.

"Toka hapo," Veit alisema.

"Huendi naye."

"Nilikubali mbele ya mji mzima. Nilikaa kwenye theluji nikakubali. Unataka niitwe nani?"

"Ulikubali ukiwa huna meno."

Akamchapa kwa kamba usoni. Ile kamba ilimfungua lile jeraha la juu ya jicho. Gundel akampiga ngumi ya kushoto, Veit akapiga magoti kwenye mawe. Akainuka. Akachapa tena, begani, shingoni. Gundel akaikamata kamba, akamvuta, akampiga kichwa kwenye pua. Nilipiga hatua moja.

"Lorenz, kaa pembeni," alisema bila kunitazama.

Nikakaa pembeni. Yeye alikuwa na mkono mmoja na Veit alikuwa mzee, kwa hiyo walikuwa sawa. Walipigana bila maneno. Nilisikia pumzi tu, na viatu kwenye mawe. Veit akamsukuma ukutani, akamkaba koo. Gundel akamng'ata mkono mpaka akaachia. Kisha hakuna aliyeweza kunyanyua mkono tena. Veit alikaa kwenye gogo la kupasulia kuni. Gundel aliteleza chini ya mlango, akakaa mgongo kwa mbao.

Hummel akatoa kichwa juu ya mlango wa banda, kwa sababu ya kelele. Kidonda cha paji kilikuwa kimekauka, kidogo, cha mviringo. Veit hakuwa amekiona. Alikitazama muda mrefu.

"Anakula?"

"Kidogo," Gundel alisema. Ni mimi niliyemwambia hivyo dakika chache kabla. "Anabakiza."

"Mnamtilia kwenye ndoo?"

"Ndiyo," nikajibu mimi.

"Kwenye ndoo hali akiwa na hofu." Alijifuta pua, akaona damu, akaifuta kwenye suruali. "Apewe mkononi."

Gundel alijaribu kuinuka. Mkono ule haukumsaidia, akarudi chini. Veit akainuka badala yake. Kamba ilibaki kwenye mawe. Alichota shayiri kwenye ndoo kando ya mlango, akasimama juu ya binti yake, akanyoosha kiganja.

Hummel alikinusa. Akarudisha kichwa nyuma. Veit hakusogea wala hakumwita. Punje zilizozidi kiganjani zikawa zinamwangukia Gundel nyweleni.

"Baba, unamwaga."

"Nyamaza," Veit alisema. "Anakula."